Kumfundisha mwanafunzi wa kinyozi kwa simujanja: mwongozo kwa mafundi wa Mwanza

Mwanafunzi wa kinyozi akiharibu kichwa, mara nyingi kosa halikuanzia kwenye nywele. Lilianzia kwenye kifundo cha mkono kilichokaza, au kiwiko kilichoinuka mno kabla mashine haijagusa ngozi. Fundi aliyesimama pembeni huliona, husema "legeza mkono", na kijana huitikia bila kujua amekaza wapi. Simu inafaa hapo hasa, kwa sababu inamwonyesha mkono wake mwenyewe. Video za mafundi wa mbali anazoangalia usiku kucha hazimfanyii kazi hiyo. Mwongozo huu ni wa fundi mwenye saluni, iwe Kirumba, Igoma, Buhongwa au kisiwani Ukerewe, anayemfundisha kijana mmoja au wawili huku wateja wakiingia na kutoka.

Vifaa

Unahitaji simu moja yenye kamera nzuri ya nyuma, stendi inayosimama imara hadi usawa wa sikio la mteja aliyeketi, na pawabenki kwa siku umeme unapokatika. Kama simu ina slomo (video ya mwendo wa polepole) ya picha 120 au 240 kwa sekunde, vizuri sana. Kama haina, rekodi kwa picha 60 kwa sekunde kisha cheza kwa nusu ya mwendo. Kwa kusahihisha mkono inatosha. Ubora wa 1080p kwa picha 30 hula takribani MB 100 kwa dakika moja, hivyo usirekodi kichwa kizima. Rekodi hatua moja, dakika mbili au tatu, kisha zima.

Runinga ya saluni ambayo jioni inaonyesha mpira ndiyo ubao wako wa kufundishia. Hamishia video kwenye flashi, chomeka, na kosa lililokuwa dogo kwenye kioo cha simu litaonekana hadi kwa aliyekaa kwenye benchi. Ukimtumia mwanafunzi video kwa WhatsApp, itume kama hati. Ukiituma kama video ya kawaida hubanwa, na kinachopotea kwanza ni ule ukungu mwembamba wa fedi, yaani nywele zinazopungua taratibu hadi kwenye ngozi, uliotaka aukague.

Kwa upande wa mashine, mwanafunzi awe na moja kubwa, moja ndogo ya kuchongea, na vichana vya kupachika kwenye meno, vya nusu hadi namba 4. Azijue namba kwa milimita: nusu ni 1.5, namba 1 ni 3, namba 2 ni 6, namba 3 ni 10 na namba 4 ni 13. Kimkono cha pembeni kinachosogeza meno ya mashine kikifunguliwa huongeza urefu wa milimita 1 hadi 1.5 hivi, kutegemea mashine. Anayekariri namba bila milimita hukwama siku kichana kimoja kinapovunjika, maana hajui atumie nini badala yake.

Jambo moja kuhusu mashine zinazoletwa na ndugu kutoka Marekani. Zile zenye mota ya sumaku zilizoandikwa volti 120 zitaungua kwenye umeme wetu wa volti 230, na hata ukizitumia na kipunguza umeme zitakata polepole, kwa sababu kasi yake hufuata mzunguko wa umeme: kwao ni 60 Hz, kwetu ni 50. Mwanafunzi asihukumiwe kwa mashine inayong'ata.

Mwanga unaosema kweli

Hapa ndipo mafundi wengi wanapokosea hata wakiwa na simu ya bei kubwa. Ringi laiti, ile taa ya duara, iliyowekwa mbele ya mteja inapendezesha picha na inaficha makosa. Mwanga wake hupiga kichwa kutoka pande zote, kivuli hufa, na mstari wa fedi ambao haujafutwa hauonekani. Kwa kufundisha unataka kinyume chake: mwanga unaotoka upande mmoja na kupita juu ya nywele kwa mshazari. Mwanga wa asubuhi unaoingia mlangoni unafaa kuliko taa yoyote. Geuza kiti ili mlango uwe ubavuni mwa mteja, na kila ngazi kati ya namba na namba itatoa kivuli chake.

Taa nyingi za LED za bei nafuu humetameta mara 100 kwa sekunde kwenye umeme wa 50 Hz. Macho hayaoni, lakini slomo inaona, na video hujaa mistari myeusi inayotembea. Kwa video ya kawaida, tafuta kwenye mipangilio ya kamera sehemu ya kuzuia kumetameta, uchague 50 Hz. Slomo irekodiwe kwa mwanga wa jua peke yake.

Kisha funga mwanga wa kamera: bonyeza na kushikilia kidole kwenye kichwa kinachoonekana hadi kamera ionyeshe imefunga, halafu ushushe mwangaza kidogo. Nywele nyeusi huidanganya kamera. Inadhani kuna giza, inaongeza mwanga, na ngozi ya panja inaungua kuwa nyeupe. Picha ya kabla na ya baada zikipigwa kwa mwanga tofauti hazilinganishiki.

Tumia kamera ya nyuma, maana ya mbele kwenye simu nyingi hugeuza kulia kuwa kushoto na mwanafunzi atasahihisha upande usio na kosa. Simu ikae mita 1 hadi 1.5 kutoka kwenye kichwa, bila lenzi pana ya 0.5, kwa sababu lenzi hiyo huvuta kingo na kufanya panja moja ionekane ndefu kuliko nyenzake.

Mazoezi kabla ya kichwa cha mtu

Siku za mwanzo mashine iwe imezimwa. Mwanafunzi aishike kama anavyoshika kijiko, kidole gumba juu, vidole vingine chini, na afanye mwendo wa kuchota: meno yanagusa chini, yanapanda na ngozi, halafu kifundo kinapinda nje ili meno yaondoke kwenye ngozi kabla ya kufika mstari. Mrekodi kwa ubavu, kuanzia kiwiko hadi kichwa. Cheza kwa nusu mwendo, simamisha pale meno yanapoondoka, na umuulize swali moja tu: kilichopinda ni kifundo au bega? Bega likipanda, mashine huchimba. Arudie hadi video ionyeshe kifundo kinafanya kazi peke yake.

Kichwa cha mdoli chenye nywele za plastiki zilizonyooka kinafaa kwa kuzoea mkasi na chanuo. Kwa fedi hakifai. Nywele zetu za kipilipili husimama na kujikunja, na fedi yake huundwa na wingi wa nywele na kivuli chake, ilhali nywele zilizonyooka hulala. Kijana aliyefundishwa kwa mdoli pekee atashangaa kichwa cha kwanza cha mtu kikimkataa. Kwa wembe, puto lililopakwa povu la kunyolea linatosha: pembe ikizidi, puto linapasuka, na hakuna aliyeumia.

Afundishwe pia kusikiliza. Weka simu karibu, rekodi sauti ya mashine ikipita kwenye nywele nene. Ikisukumwa haraka mno mngurumo hushuka na kuwa mzito, kisha nywele huvutwa na mteja hushtuka. Sauti ikibaki ileile, mwendo ni sahihi.

Fedi ya chini, hatua kwa hatua

Chagua mtu aliyekubali kunyolewa na mwanafunzi akijua ni mazoezi. Nywele ziwe safi, kavu, zimechanwa hadi zisimame. Namba 2 ipite kichwa kizima kwanza, kinyume cha mwelekeo wa nywele, na utosini mkono ufuate mzunguko wa nywele.

Sasa chukua penseli ya wanja. Chora mstari wa kwanza upana wa kidole kimoja juu ya sikio, ukishuka kidogo kuelekea kisogoni. Wa pili kidole kimoja juu yake, wa tatu kidole kingine. Piga picha pande zote mbili, washa gridi ya kamera, na ulinganishe. Mistari ya wanja ikiwa haiko sawa, futa uchore upya. Nywele zikishakatwa hakuna kufuta.

Chini ya mstari wa kwanza apite na meno matupu, kimkono kimefungwa. Kati ya kwanza na pili, meno matupu, kimkono kimefunguliwa. Kati ya pili na tatu, namba 1, kimkono kimefungwa. Juu ya mstari wa tatu, pale namba 1 inapokutana na namba 2, apite na namba 1 huku kimkono kimefunguliwa, kwa kuchota tu.

Inabaki kazi yenyewe, ya kufuta mistari. Mstari kati ya kimkono kilichofungwa na kilichofunguliwa hufutwa kwa kimkono kikiwa nusu. Mstari kati ya meno matupu na namba 1 hufutwa kwa kichana cha nusu, kwanza kimkono wazi, kisha kimefungwa pale panapobaki kivuli. Mapigo yawe mafupi, sentimita 1 hivi, na baada ya kila mapigo matatu au manne asimame, apige brashi, aangalie. Wanaoanza hupenda kurudia mahali pamoja hadi shimo litokee, kwa sababu nywele zilizokatwa bado zimelala juu ya ngozi na zinaonekana kama mstari. Brashi ingewaokoa.

Akisema amemaliza, piga picha ya upande na uigeuze kuwa nyeusi na nyeupe. Rangi ya ngozi ikiondoka, ngazi zilizobaki hujitokeza wazi. Mpe simu azizungushie duara kwa kidole kwenye sehemu ya kuhariri picha, wewe ukiwa kimya. Akiziona mwenyewe, amejifunza. Asipoziona, mwonyeshe, kisha azifute kichwani huku picha ikiwa mbele yake.

Makosa yanayojirudia yana sababu zake. Fedi iliyopanda juu mno upande mmoja hutokana na mkono kufuata mviringo wa kichwa badala ya kuondoka kwenye mstari, na kwa mtu wa mkono wa kulia mara nyingi huwa upande ambao mkono wake unavuka mwili. Asogeze miguu badala ya kunyoosha mkono. Doa la ghafla lenye upara husababishwa na kichana ambacho hakikubana. Kabla ya kila kichwa akivute kwa kidole gumba. Mbele iliyochongwa ikarudi nyuma ni matokeo ya kusawazisha kushoto, kisha kulia, kisha kushoto tena. Aanze katikati ya paji, atoke pande zote mbili, na asivuke nywele za asili.

Mwambie pia ukweli kuhusu picha za mitandaoni. Nyingi zimepakwa piko pembezoni na kupitishwa kwenye filta. Kijana anayejilinganisha nazo atachonga mbele kupita kiasi akitafuta mstari ambao mashine peke yake haiwezi kuutoa.

Ngozi, usafi na ridhaa

Akiona mapunye kichwani kwa mtoto, asinyoe. Mashine itayahamishia kwa mtoto anayefuata, na mapunye ya kichwani huhitaji dawa ya kumeza kutoka hospitali, kupaka hakutoshi. Mwenye vipele vigumu kisogoni asinyolewe kwa meno matupu wala wembe sehemu hiyo, kwani kunyoa hadi kwenye ngozi huvichochea. Programu za kujibu maswali kwenye simu zinafaa kumuuliza mwanafunzi milimita za vichana au hatua za usafi. Kutambua ugonjwa wa ngozi kwa picha si kazi ya kuziachia.

Baada ya kila kichwa: brashi kwanza kuondoa nywele, kisha spiriti ya asilimia 70, iachwe ikauke yenyewe, mwisho matone mawili ya mafuta ya mashine. Akianza na spiriti juu ya nywele, uchafu huvikinga vijidudu visifikiwe, navyo hubaki. Akisahau mafuta, unyevu wa ziwani utaleta kutu kwenye meno upesi. Wembe ni mpya kwa kila mtu, bila mjadala.

Kabla ya kurekodi, omba ruhusa, na ueleze kama video itabaki kwenye mafunzo au itapandishwa mtandaoni. Hizo ni ruhusa mbili tofauti. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inahusu picha za watu pia. Kwa mtoto, ruhusa ni ya mzazi au mlezi. Ukielekeza kamera kwenye kisogo na mkono wa mwanafunzi, sura haina haja ya kuonekana kabisa.

Mwanafunzi aliye mbali

Kijana aliyerudi Nansio au Sengerema unaweza kuendelea kumsimamia kwa simu ya video, kwa sharti moja. Sauti na picha huchelewa, na mtandao ukiwa dhaifu hukwama kabisa. Ukisema "simama" wakati wembe uko shingoni, amri itafika kazi imeshafanyika. Kwa hiyo simu ya video ni ya ukaguzi kati ya hatua: azime mashine, aiweke chini, azungushe kamera taratibu kuanzia panja ya kulia, kisogo, hadi panja ya kushoto, akisimama kila upande ili picha itulie. Wewe mtajie kasoro moja, inayotangulia kurekebishwa, kisha akate simu na aendelee. Video za marejeo azipakue akiwa mjini kwenye mtandao mzuri, azihifadhi kwenye memori kadi kwa majina yanayoeleweka, kama vile tarehe, upande wa kichwa na kosa lililoonekana. Kosa lilelile likijitokeza kwenye video tatu mfululizo, mrudishe kwenye zoezi la mashine iliyozimwa kabla ya kumpa kichwa kingine.