Jua seva ya nyumbani inakula umeme kiasi gani bila kununua kifaa

Kama una desktop ya zamani unaiacha on saa 24 kama seva, zima kila kitu nyumbani ibaki hiyo tu na ruta, halafu nenda kwenye mita ya LUKU uhesabu kale kataa kekundu kanawaka mara ngapi kwa dakika 12, zidisha mara 5, hizo ndo wati. Mita ikiwa imeandikwa 1000 imp/kWh (yaani kanawaka mara 1000 kwa uniti moja), kila kakiwaka ni wati-saa 1 imeenda. Yangu iliwaka mara 12, yaani wati 60, karibu uniti 43 kwa mwezi, nilichoka! Ikiandikwa 1600, jibu gawanya kwa 1.6. Ukisahau friji umeharibu hesabu, na usipime seva ikiwa haina kazi, utajidanganya.