Kibali cha kuweka sanamu kwenye bustani ya mtaa: anzia kwa mwenyekiti, si kwa Mkurugenzi

Mimi huchongea Mtwara, kwa hiyo mifano yangu ni ya Manispaa ya Mtwara Mikindani. Lakini ukiwa Lindi au Temeke mlango ni uleule: ofisi ya serikali ya mtaa. Wengi wetu tunachonga kwanza, kibali tunakifikiria baadaye, na matokeo yake sanamu inakaa uani miezi inakojolewa na mbuzi.

Kabla ya barua, jua bustani ni ya nani. Uwanja ambao watoto wanauita wao huenda kwenye mchoro ni eneo la wazi la manispaa, huenda ni la shule, huenda nusu yake imo ndani ya hifadhi ya barabara, na hapo utaongea na wakala wa barabara, TARURA au TANROADS. Nenda kwa Afisa Mipango Miji, mwombe akuoneshe eneo kwenye mchoro wa mipango miji, kisha uandike namba ya mchoro na ya kiwanja. Kama ni Mikindani penyewe, kwenye zile nyumba za kale za mawe, pita na kwa watu wa Mambo ya Kale. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda majengo ya kale, na ya baadaye pia yanaweza kutangazwa kuwa ya kulindwa. Usipige sururu pale kabla hujauliza.

Hatua inayofuata haimo kwenye fomu yoyote, nayo ndiyo inayoangusha maombi mengi: wazee. Tuseme unataka kuweka lipiko, ile barakoa ya ngoma ya Kimakonde, katikati ya bustani. Mapiko yana mambo ya jando ndani yake. Nani yumo nyuma ya sura ile hakikuwa kitu cha kutamkwa mbele ya kina mama na wasiochezwa, yaani wasiopitia jando. Wapo wazee watakaokuambia siku hizi lipiko linachezwa hadi kwenye sherehe za serikali, weka tu. Wapo watakaokaa kimya, na kimya cha mzee si ruhusa. Pwani kuna jambo jingine: Waislamu wengi hawapendi sanamu ya kiumbe, hasa jirani na msikiti. Ukipeleka wazo la nakshi za mlango, jahazi au mkeka wa ukindu, mazungumzo yanakuwa mepesi. Beba kijisanamu cha udongo au mchoro wenye rangi. Mtu hawezi kukubali kitu ambacho hajakiona.

Sasa nenda kwa mwenyekiti wa mtaa, umwombe ajenda kwenye mkutano wa wananchi. Siku ya mkutano eleza kwa ufupi: ni kitu gani, kina urefu gani, kitakaa wapi, nani analipa, nani atakitunza. Hilo la mwisho litaulizwa, tena na mtu uliyedhani kasinzia. Mkutano ukiisha, usiondoke bila kumkumbusha mtendaji wa mtaa kuhusu muhtasari wa mkutano. Uwe na orodha ya mahudhurio yenye sahihi, sahihi ya mwenyekiti na muhuri wa mtaa. Karatasi hiyo ndiyo kibali chako cha kweli. Zinazofuata zote zinaegemea hapo.

Barua yenyewe ina sura yake:

Mkurugenzi wa Manispaa,
S.L.P. …,
MTWARA.

K.K. Mtendaji wa Kata ya …
K.K. Mwenyekiti wa Mtaa wa …

YAH: MAOMBI YA KIBALI CHA KUWEKA SANAMU KATIKA BUSTANI YA MTAA WA …

Hizo K.K., yaani "kupitia kwa", si urembo. Kila aliyetajwa anaandika maoni yake, anasaini na kugonga muhuri kabla barua haijapanda. Mwaka mmoja kikundi chetu kiliruka kata, tukapeleka moja kwa moja halmashauri fulani. Barua ilikaa wiki saba, kisha tukaambiwa turudi tulikoanzia. Ambatisha muhtasari, mchoro wenye vipimo, picha ya eneo, bajeti, na cheti chako cha BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa. Kama hujasajiliwa, muone Afisa Utamaduni wa halmashauri akuelekeze; usajili siku hizi unafanyika mtandaoni. Toa nakala mbili. Moja ipokelewe masjala, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe na urudi nayo nyumbani.

Kuanzia hapo faili linatembea: Kitengo cha Utamaduni, Sanaa na Michezo, mipango miji, mhandisi, mazingira. Likihitaji kufika Baraza la Madiwani, jua kwamba vikao vya kawaida ni vya kila robo mwaka, kwa hiyo ukichelewa kikao kimoja unahesabu miezi. Muone diwani mapema. Si kumhonga, ajue jambo linakuja. Ukidaiwa ada yoyote, lipa kwa kontroo namba tu, ile namba ya malipo ya serikali. Anayetaka umtumie kwenye simu yake mwache na simu yake.

Mhandisi atauliza msingi na nondo, na ana haki, watoto watapanda hiyo sanamu. Mpingo usipeleke nje: jua litaupasua. Saruji juu ya nondo na wavu inafaa, ila kandokando ya bahari chumvi hupenya hadi kwenye chuma, basi tabaka la saruji liwe nene. Kibao cha shaba nacho hakitamaliza mwaka, wanunuzi wa vyuma chakavu wapo. Chora maandishi kwenye saruji yenyewe ikiwa mbichi, na yaanze kwa Kiswahili. Sanamu ya Askari pale Dar es Salaam, ya 1927, ina Kiswahili, Kiingereza na Kiarabu. Sisi hatuna kisingizio.

Kibali kikitoka kisome chote. Mara nyingi kina masharti: muda wa kuanza kazi, usafi wa eneo, wa kuwajibika likitokea la kutokea. Omba mkataba mfupi useme sanamu ikimilikiwa na manispaa, jina lako linabaki na haitabadilishwa bila kukuuliza. Hakimiliki ni yako tangu ulipoiumba, lakini kuisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kunakupa ushahidi siku picha yake itakapokutwa kwenye fulana za mtu.

Na fedha: ile asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu ni mkopo. Haina riba, ila inarudishwa, na sanamu ya bustani haikati tiketi. Kopea karakana, sanamu ichangiwe na mtaa.