Namna ya Kuwasoma Mashujaa wa Kiume na wa Kike katika Visa vya Kiarabu

Vijana wanaokutana nasi hapa Ngamiani, Tanga, baada ya sala ya alasiri ili kusoma visa, wengi wao wamepita chuoni na wanazijua herufi za Kiarabu, lakini ukiwauliza shujaa wa kisa fulani ni mtu wa namna gani, hujibu kwa neno moja tu: hodari. Jibu hilo halinitoshi, na njia ninayoieleza hapa ndiyo ninayoitumia kuwavusha.

Anza na neno lenyewe. "Shujaa" tumelipata kwa Waarabu, lakini kwao ni sifa ya mtu jasiri. Mhusika anayebeba kisa humwita "batal", na akiwa mwanamke, "batala". Batal anaweza kukibeba kisa kizima bila kugusa upanga. Katika makama, yaani visa vifupi vya nathari yenye vina, za al-Hariri, aliyefariki mwaka 1122, Abu Zayd wa Saruj hutegemea ufasaha na hila peke yake, na msomaji aliyelelewa kwa visa vya Abunuwasi atamwelewa upesi.

Kisha tafuta habari za kuzaliwa kwake, hasa za mama yake. Hapa usiwe na haraka, kwa kuwa katika sira, yaani visa virefu vilivyosimuliwa barazani kwa usiku mwingi, shujaa huja duniani akiwa tayari amenyimwa haki fulani, na kisa chote ni safari ya kuidai. Antara bin Shaddad, ambaye kabla ya kuwa mtu wa hadithi alikuwa mshairi wa kweli wa karne ya 6, alizaliwa na Zabiba, mtumwa wa Kihabeshi, na baba yake hakumkubali kuwa mwana. Inasimuliwa kwamba kabila lake la Abs liliposhambuliwa, baba alimwamuru akawakabili maadui, naye akajibu kwamba mtumwa hajui kushambulia. Anachojua ni kukamua maziwa na kufunga chuchu za ngamia. Baba akamwambia: shambulia, nawe u huru.

Lisome jibu hilo mara mbili. Antara anazitaja kazi alizopangiwa, kazi za mikono yake ya kila siku, na kwa kuzitaja anamlazimisha baba atamke neno alilokuwa amelizuia miaka yote. Kwa Kiarabu neno hilo ni "hurr", ndilo "huru" letu, nalo linafuatana kwa vina na "kurr", yaani shambulia. Uhuru wake umepatikana kwa ulimi kabla ya upanga kuchomolewa. Abu Zayd wa sira ya kabila la Banu Hilal, si yule wa Saruj, naye alizaliwa mweusi, na kwa sababu ya rangi hiyo mama yake alituhumiwa akafukuzwa pamoja naye. Msomaji wa Mrima, ambako misafara ya watumwa ilipita, asiziruke kurasa hizi kana kwamba ni utangulizi tu.

Kwa upande wa wanawake, nashauri ugawe ukurasa wa daftari mara mbili: kushoto andika sifa anazopewa na msimulizi, kulia andika anayoyatenda na anayoyasema. Upande wa kushoto utajaa upesi kwa uso wa mwezi na macho ya paa. Hukumu yako itoke kulia. Jaribu kwa Dhat al-Himma, mwanamke shujaa wa sira yenye jina lake. Baba yake Mazlum na ami yake Dhalim, majina ambayo Mswahili hahitaji kufasiriwa, walikubaliana kwamba utawala uende kwa mwenye mtoto wa kiume. Mazlum akapata binti, akamficha kwa mlezi. Binti na mlezi wakatekwa, na binti akakulia utumwani katika kabila la Tayy, hadi akawa mpanda farasi aliyeogopwa na akaja kuongoza vita dhidi ya Warumi, yaani Wabizanti. Jihadhari na jina lake: "himma" ya Kiarabu ni azma kubwa ya moyo, tofauti na "hima" yetu ya kufanya haraka.

Fanya vivyo hivyo kwa Shahrazad, msimulizi wa Alfu Lela u Lela. Wengi humkumbuka kwa hadithi zake wakasahau kwamba aliingia kwa mfalme kwa hiari, licha ya baba yake waziri kumsihi asiende, na kwamba alikuwa amepanga na mdogo wake Dinarzad aombe hadithi usiku huohuo. Mpango huo uwe wa kwanza katika safu ya kulia.

Ukifika kwenye riwaya za karne ya 20, usidai kuona farasi wala ushindi. Firdaus, katika riwaya ya mwandishi wa Misri Nawal El Saadawi ya mwaka 1975, anasimulia maisha yake gerezani akiwa karibu kunyongwa, na amekataa kuomba msamaha. Mweke kando ya Shahrazad, ambaye husimulia ili aione asubuhi, uwajazie wote wawili daftari lilelile, kisha ndipo uwaulize wenzako barazani yupi kati yao wangemwita batala, na kwa tendo lipi.