Kuipima deki ya CD kabla hujatoa pesa

Muuzaji wa vifaa vilivyotumika, awe Darajani au Mwanakwerekwe hapa Unguja, anajua la kufanya ukimuulizia deki ya CD. Anatia CD yake mwenyewe, anaruka hadi wimbo wa pili, anaongeza sauti, kisha anakutazama. Jaribio hilo halithibitishi kitu. Hata deki iliyo mbioni kufa hucheza wimbo wa pili wa CD safi bila ya tatizo. Ubovu wake uko kwengine, na kuutafuta kunataka saa nzima na vifaa vichache vya kuchukua kutoka nyumbani.

Bei ya kati hapa ni zile deki pana za kukaa juu ya meza, upana wa sentimita 43 hivi, ambazo zikiwa mpya Uingereza ziliuzwa baina ya pauni 200 na 500: Marantz za namba za CD6000, NAD C 521, Rotel RCD-951, na za kiasi hicho za Denon na Yamaha. Karatasi za vipimo vya deki hizi zote zinafanana: zinatoa sauti kuanzia Hz 20 (mitetemo 20 kwa sekunde) hadi 20,000 bila ya kupinda, na kelele zake ni ndogo kuliko kelele za feni ya chumbani. Kwa hiyo zikiwa nzima hutofautiana kidogo sana kwa sauti. Zinapotofautiana sana ni kwenye uzima, na hapa kwetu penye joto, chumvi na umeme wa kupanda na kushuka, uzima ndio wa kuulipia.

Vya kuchukua: CD halisi ya kiwandani yenye dakika 70 au zaidi, CD ya kuchoma, mita ya fundi yenye kipimo cha AC (umeme wa kwenda na kurudi) cha volti 20 au chini yake, waya wa RCA (ule wa kupeleka sauti kutoka deki hadi amplifaya), tochi, kalamu ya wino wa maji. Na CD moja ya majaribio, ambayo unaitengeneza mwenyewe kwenye kompyuta. Kwenye programu ya bure kama Audacity, tengeneza dakika moja ya ukimya kamili, kisha dakika moja ya mlio wa Hz 300 kwa kiwango cha juu kabisa, halafu jaza nyimbo unazozijua mpaka ipite dakika 75. Ichome kama CD ya muziki, si ya mafaili. Deki nyingi za zamani hazifahamu MP3. Zikipewa zitakaa kimya.

Anza nyuma

Kabla haijachomekwa, igeuze uisome. Ikiandikwa 220–240V au 230V, 50Hz, endelea. Ikiandikwa AC 100V, hiyo imetengenezwa kwa soko la Japani, na ukiitia moja kwa moja kwenye umeme wetu utaunguza transfoma, au ukibahatika fyuzi tu. Inaweza kutumika kwa transfoma ya kushushia, lakini angalia inashusha hadi ngapi. Nyingi zinazouzwa hushusha hadi 110, na hiyo ni asilimia kumi zaidi ya inachotaka. Ikishinda imewashwa itachemka. Deki inakula wati 10 hadi 20 tu, kwa hivyo transfoma ya VA 50 (VA ni kipimo cha ukubwa wake) inatosha. Wapo wanaohofia kuwa Hz 60 za Marekani zitaibadilisha kasi ya CD kwenye Hz 50 zetu. Hazibadilishi, kwa sababu kasi inaongozwa na kioo cha saa (kristali ya kuhesabia muda) kilichomo ndani. Taabu ya deki za huko ni ile ile ya volti, 120 badala ya 230.

Ukiwa bado huko nyuma, mulika matundu ya RCA. Ukijani kwenye shaba na kutu kwenye vichwa vya skrubu maana yake deki imekaa karibu na pwani bila ya kufunikwa, na ndani iko hivyo hivyo. Skrubu zilizotafunika njia zake zinaonesha kuwa fundi ameshapita. Si kosa, ila uliza alifanya nini. Kwa deki kongwe iliyokaa hapa hapa visiwani, uliza pia iliishi wapi: iliyokuwa Pemba kabla ya waya wa baharini wa kutoka Tanga kuanza kazi 2010 ilikula umeme wa jenereta za Wesha miaka yake yote.

Trei

Fungua na ufunge trei mara kumi mfululizo. Iende kwa mwendo mmoja, isimame yenyewe, isijirudie. Ikifika nusu ikagoma, au ikifunga kisha ikafungua tena, aghlabu ni mkanda wa mpira. Joto la hapa huulegeza, na ukiwa wa zamani sana hunata vidoleni kama halua. Hilo lisikuogopeshe, mkanda ni wa bei ndogo, mraba wa milimita 1.2 hivi unafaa deki nyingi, na kazi ni ya nusu saa. Futa vigurudumu kwa spiriti kabla ya kutia mpya, la sivyo utateleza vile vile. Sauti ya kukwaruza au ya «ta-ta-ta» ni jambo jengine: hapo pana jino la plastiki lililovunjika, na gia ya namba hiyo hiyo huipati dukani.

Kusoma

Hapa ndipo pa kukaa.

Tia CD ya kiwandani uhesabu tangu trei inapofungwa mpaka kioo kinapoonesha idadi ya nyimbo. Sekunde tatu hadi nane ni sawa. Ikipita kumi na tano, au ikizunguka, ikaacha, ikazunguka tena, leza (mwanga unaosoma CD) au mota ya kuizungusha imechoka. Ili ujue ni ipi, kumbuka kuwa CD inasomwa kutoka ndani kwenda nje, na kasi yake si moja: karibu na kitovu inazunguka kiasi cha mara 500 kwa dakika, ukingoni inashuka hadi 200 hivi. Mota iliyochoka inashindwa na ile kasi kubwa, kwa hivyo matatizo yake yako mwanzoni: inachelewa kuitambua CD, wimbo wa kwanza unaruka, kisha mambo yanatulia. Ikicheza vizuri mwanzo ikaanza kukwama baada ya dakika ya 60, tazama njia ya leza: grisi iliyokauka, vumbi, au kutu kwenye ule ufito wa chuma ambao leza inautambaa. Hiyo inatibika kwa kusafisha na tone la grisi nyepesi. Ikicheza vizuri yote ikiwa baridi na kuanza kuruka baada ya dakika arubaini, leza inakufa.

Kwa hivyo usikubali kuondoka kabla ya saa moja. Iache icheze, kunywa kahawa, kisha urudie kila kitu ikiwa moto.

Ruka kutoka wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, na kurudi, mara tano. Ichukue sekunde moja hadi tatu, kwa mlio mfupi laini. Kisha tia CD ya kuchoma. CD hizo, CD-R kwa jina lake, hurudisha mwanga kidogo kuliko ya kiwandani, kwa hiyo leza dhaifu huanza kugoma hapo. Nyingi katika CD za taarabu na za Kur-ani zilizosambaa mitaani ni za kuchoma. Deki isiyozisoma haikufai hapa hata ikiwa na jina kubwa. CD-RW, ile inayofutika na kuchomwa tena, iache. Hiyo hurudisha mwanga kidogo zaidi, na deki za miaka ya tisini zikiikataa zina haki.

Sasa kalamu. Chukua CD usiyoijali, na upande unaosomwa chora mstari mmoja mnyoofu kutoka kitovuni hadi ukingoni, unene wa milimita moja. Kila mzunguko leza itaupita mara moja. Mfumo wa kusahihisha makosa uliomo ndani ya CD yenyewe unaweza kurudisha kila kitu kilichopotea mpaka upana wa kama milimita 2.4 za njia, kwa hivyo deki nzima haitaruka wala hutasikia chochote. Unenepeshe hadi milimita mbili. Bado isikike sawa, ingawa nyengine zitaanza kutatizika katika kuifuata njia. Ikiruka kwenye milimita moja, iache. Mstari uende kama njiti ya baiskeli, usiuzungushe. Mkwaruzo unaofuata duara unafunika data nyingi mfululizo, na huo hakuna deki inayouweza. Ukimaliza futa kwa kitambaa chenye maji, pia kutoka ndani kwenda nje.

Kama unaruhusiwa kufungua kifuniko, ichomoe kwanza. Lenzi ni kile kijicho kidogo cha buluu. Ikiwa na ukungu, ambao baada ya masika ni jambo la kawaida, ifute kwa pamba ya kijiti iliyoloweshwa kidogo spiriti safi isiyo na rangi (alkoholi), bila ya kuikandamiza, maana imening'inia kwenye nyaya nyembamba kama unywele. Usitumie tina wala dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Lenzi nyingi ni za plastiki na zitayeyuka uso. Deki ikiwa imewashwa usiiangalie lenzi kwa jicho: mwanga wake ni wa nanomita 780, huuoni vizuri lakini jicho linaumia.

Mulika pia pembeni mwa leza. Pana skrubu ndogo mno ya kurekebishia nguvu yake. Ikiwa imekwaruzwa au rangi ya kuizibia imevunjika, kuna fundi aliyeizungusha ili leza iliyochoka isome tena kwa muda. Dawa hiyo inaua. Deki ya namna hiyo inachezea akiba ya mwisho, na huo ndio udanganyifu unaokutwa sana katika biashara hii.

Soma namba ya leza. KSS-213B, KSS-240A na SF-P101N zinaendelea kupatikana, ingawa za kuiga ni nyingi na hazifanani kwa ubora. Deki yenye namba hizo ikiwa na leza mbovu bado ni biashara, ukipunguziwa bei ya leza na ya fundi. Leza mpya huja na tone la risasi ya kuchomelea lililounganisha vituo viwili ili umeme tuli usiiunguze. Liondolewe baada ya kuchomeka waya, la sivyo deki haitasoma na utaambiwa leza ni mbovu. Zile Philips za zamani zenye mkono unaozunguka, kama CDM4, hazitengenezwi tena. Zinapendwa, lakini ukinunua ya kufa umenunua pambo.

Sauti, mwishoni

Cheza ule mlio wa Hz 300. Weka mita kwenye AC, ncha moja katikati ya tundu la RCA na nyengine kwenye ukingo wake. Usome kiasi cha volti 2, kushoto na kulia zisipishane zaidi ya asilimia tatu. Hz 300 tumeichagua makusudi, kwa sababu mita za bei ndogo hukosea milio ikipanda. Upande mmoja ukiwa chini sana, au ukipanda na kushuka ukigusa tundu, pana kiungo cha risasi kilichopasuka au kapasita (kifaa kidogo cha kuwekea umeme) iliyokufa.

Kisha wimbo wa ukimya. Fungua amplifaya mpaka pale unaposikilizia kawaida. Mvumo mzito ni wa kapasita za umeme au wa waya. Badilisha waya kwanza. Rudisha sauti chini kabla wimbo huo haujaisha, spika zako zisije zikapata mlio wa Hz 300 wote kwa mara moja.

Ukitaka kulinganisha deki mbili, zisawazishe kwanza kwa mita. Deki ya volti 2.3 inashinda ya volti 2 kwa desibeli 1.2 tu. Sikio halitakwambia kuwa hii ina sauti kubwa zaidi. Litakwambia kuwa ni nzuri zaidi, na wengi wamelipa pesa kwa hilo. Mtu mwengine abadilishe waya, wewe usijue ipi ni ipi.

Taarabu ya okestra ni kipimo kizuri kuliko nyimbo za ngoma nzito. Sikiliza kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi: kila nyuzi ikidonolewa iwe na mwanzo mkali na mkia unaofifia peke yake, usikatike. Fidla nyingi zikipiga pamoja zisigeuke mwamba mmoja wa kelele, na pumzi ya mpiga nai (filimbi ya mwanzi) isikike mbali na noti. Santuri kongwe za 78 (mizunguko 78 kwa dakika) zilizohamishiwa CD hazifai kwa kazi hii, kwa sababu mikwaruzo yake inaficha kila kitu. Ukisikia tofauti kubwa baina ya deki mbili nzima, ishuku mita yako au waya wako kabla hujaisifu deki.

Rimoti unaijaribu kwa kamera ya mbele ya simu: bonyeza, na taa yake itawaka kwenye kioo. Isipokuwepo rimoti, hakikisha unayoyataka yanabonyezeka usoni mwa deki. Kwenye deki nyingi za daraja hili, kuchagua wimbo kwa namba kupo kwenye rimoti tu.

Kuibeba

Toa CD, funga trei, kisha zima. Baadhi ya deki zina skrubu ya safari chini ya tumbo. Ikiwepo kaza, na ukifika ilegeze kabla ya kuwasha. Ukiipeleka Pemba kwa boti, ibebe mkononi, isiingie kwenye mizigo ya chini, na iwe imelala kama itakavyokaa. Ikitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi iache saa moja kabla ya kuiwasha, maana unyevu hutua kwenye lenzi na deki nzima itajifanya mbovu. Nyumbani usiiweke juu ya amplifaya. Umeme ukikatika ichomoe, uirudishe baada ya dakika chache tangu umeme kurudi. Ule mshindo wa kwanza ndio unaoua kapasita.