Somo: Klachi mpya inalia? Sikiliza kabla giaboksi haijashushwa tena

Ukishalipia klachi pleti, presha pleti (inayoibana klachi pleti kwenye flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini), rilizi beringi (inayoisukuma presha pleti ukikanyaga pedali) na kazi ya fundi, halafu gari likatoka gereji linalia, wazo la kwanza ni kulirudisha giaboksi ishushwe upya. Ngoja kwanza. Malalamiko mengi yanayonifikia hapa Malindi huishia kurekebishwa kwa nje. Mguu wako wa kushoto ndio utakaokwambia kama giaboksi ishuke au ibaki.

Hatua ya kwanza: tafuta kimya. Kando ya stendi, tuktuk zikipita, hutasikia kitu. Egesha mahali tambarare penye hewa, weka mawe kwenye magurudumu, vuta handbreki, zima redio na AC, fungua madirisha. Injini iwe imeshapata moto.

Hatua ya pili: sikiliza kwa mguu. Hapa usiwe na haraka, ndipo penye somo lenyewe.

Anza nyutro, mguu ukiwa mbali na pedali. Ukisikia mvumo, kanyaga pole pole huku ukisikiliza. Kelele ikikatika pale pale unapoigusa pedali tu, kabla haijawa nzito, hicho ni kitu kilicholegea: uma wa klachi (mkono wa chuma unaosukuma rilizi beringi) au rilizi beringi yenyewe inachezacheza mahali pake. Ikikatika pale tu pedali inapofika chini kabisa, shafti ya kuingilia giaboksi imesimama, basi beringi yake ndiyo inayolia. Klachi haina kosa hapo.

Lakini kabla ya kuilaumu beringi, uliza swali ambalo mafundi hawalipendi: mafuta ya giaboksi yalirudishwa? Kwenye gari linalovutwa na magurudumu ya mbele, shafti za magurudumu zikichomolewa mafuta humwagika. Wapo wanaofunga kila kitu vizuri na kusahau kujaza. Gari likiwa limesimama sawasawa, injini imezimwa, fungua nati ya kujazia ubavuni. Kwa giaboksi nyingi mafuta yanatakiwa yafike kwenye mdomo wa tundu.

Sasa kinyume chake: gari kimya, kelele inaanza ukikanyaga. Hiyo ni rilizi beringi, na kadiri unavyokandamiza ndivyo inavyozidi. Ikiwa ni mlio wa kukwaruza kama wa mlango mkavu, yaani kwi, kwi, basi anza ndani ya gari kwenye bushi za pedali, kisha pale uma unapoegemea. Grisi kidogo humaliza maneno.

Kelele ikija pedali ikiwa chini kabisa na gia imeingia, gari limesimama, shuku beringi ndogo ya katikati ya flaiwili. Magari mengi madogo hayana. Na ukisikia chuma kinasaga chuma tangu siku ya kwanza, tena gia haziingii, huenda klachi pleti imefungwa kinyumenyume. Usiliendeshe gari hilo, giaboksi ishushwe.

Hatua ya tatu: pedali. Ikandamize kwa vidole, si kwa mguu. Kabla haijawa nzito inatakiwa iwe na nafasi ya kucheza, kwa magari mengi madogo kama milimita 5 hadi 15, ila kitabu cha gari lako ndicho hakimu. Nafasi ikikosekana, beringi inasukumwa saa zote na pleti itateleza. Ikizidi, gia zitakwaruza.

Klachi ikianza kushika chini zaidi kuliko zamani, usishtuke. Pleti iliyolika ndiyo hushikia juu. Uzito ni habari nyingine. Presha pleti mpya kwa kawaida ni nyepesi kuliko iliyochoka, kwa hiyo pedali ikizidi uzito ujue kebo imepindishwa, uma ni mkavu, au umeuziwa presha pleti isiyo ya gari lako.

Hatua ya nne: harufu na mtetemo. Harufu kidogo siku za mwanzo si ajabu. Gari likitetemeka wakati wa kuondoka, kagua boliti za raba zinazobeba injini, maana zilifunguliwa, kisha fikiria mafuta au grisi iliyogusa pleti.

Maswali ya wanachama

*Mambrui:* Fundi, asubuhi pedali inalala chini. Nikiipampu mara mbili tatu inapanda, gia zinaingia. Baadaye tena yale yale.

Kaka, klachi yako ni ya mafuta: kuna upepo kwenye mfumo, au masta (silinda ya juu inayosukuma mafuta ukikanyaga) inavuja. Inua zulia chini ya pedali uguse panapoingia fimbo ya masta, kisha funua raba ya silinda ya chini. Ukikuta umajimaji, badilisha silinda inayovuja. Kukiwa kukavu, toa upepo kwa mafuta mapya ya breki ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko. Yale ya kopo lililokaa wazi yaache. Yanavuta unyevu, na pwani yetu unajua ilivyo. Ukishatoa upepo na bado inalala, raba za ndani ya masta zimekwisha.

*Watamu:* Rivasi inakwaruza tangu klachi ibadilishwe. Aliyeifunga ananiambia nitazoea.

Dadangu, hakuna kuzoea hapo. Kanyaga mpaka chini, hesabu hadi kumi, ndipo uingize rivasi. Ikiendelea kukwaruza, klachi haiachii sawasawa: upepo, marekebisho ya pedali, au pleti iliyogeuzwa, kwa mpangilio huo. Ikiingia laini, ulikuwa huipi shafti muda wa kusimama.

*Malindi mjini:* Nimeambiwa niende taratibu mpaka izoee. Nikienda Mombasa na kurudi si inatosha?

Zile kilomita kama 120 kwenda hazikusaidii sana, ndugu. Klachi huzoea kwa kushika na kuachia, si kwa kukimbia gia ya tano. Mizunguko ya mjini ndiyo hasa, bila kuvuta gari la mtu wala kupakia kupita kiasi.

*Lamu:* Mimi huliacha gari Mokowe nikivuka kwa boti. Nikirudi baada ya siku kadhaa linatetemeka mwanzo, halafu linatulia. Klachi ni mpya.

Shikamoo mzee wangu. Hiyo ni kutu nyepesi juu ya flaiwili na presha pleti, kwa unyevu wa bahari. Ikitoka baada ya kuondoka mara chache, usifungue kitu. Ikibaki kutwa nzima, rudi hatua ya nne.