Rozimari ya pwani: kuotesha, kuvuna na kutumia ukiwa Mtwara au Lindi

Kinachoua rozimari huku kwetu ni maji, na mara nyingi ni maji ya mwenye mche mwenyewe. Kichaka hiki asili yake ni miamba mikavu ya kandokando ya bahari ya Mediterania, ambako mvua hunyesha wakati wa baridi na kiangazi hakina hata tone. Sisi joto na mvua vinatujia pamoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Ndiyo maana Lushoto na Arusha, kwenye ubaridi wa milimani, kinastawi uani bila kubembelezwa. Hata Newala, juu ya uwanda wa Makonde, hakisumbui sana. Kazi iko Mtwara mjini, Mikindani na Lindi, na ninyi ndio ninaowaandikia.

Hatua ya 1: Anza mvua zikikatika

Mwezi wa Tano unafaa. Mche unapata kipupwe chote kujenga mizizi kabla ya joto la kaskazi. Mbegu achana nazo, huota kwa kusuasua.

Hatua ya 2: Pingili

Omba tawi kwa mwenye nalo. Tafuta ncha ambayo ukiikunja inarudi yenyewe. Ile laini kabisa huoza, na iliyokwisha kuwa mti huchelewa. Kata sentimita 10 hadi 15, pukutisha majani ya nusu ya chini, chomeka kwenye mchanga wa mto uliolowa. Wa ufukweni usichukue, una chumvi. Weka barazani penye kivuli chepesi. Ule mtindo wa kufunika kwa chupa ya plastiki uwaachie watu wa nchi kavu, hewa yetu ina unyevu wa kutosha. Kati ya wiki 3 na 6, vuta taratibu: ikikataa kutoka, imeshika.

Hatua ya 3: Chombo na udongo

Panda kwenye ndoo ya rangi, si ardhini, ili masika uisogeze upenuni. Toboa matundu ubavuni karibu na kitako, kwa sababu ya chini huzibwa na sakafu. Changanya mchanga wa mto sehemu mbili, udongo sehemu moja, na samadi iliyooza nusu sehemu. Makumbi ya nazi yanashika maji mno, hayafai hapa.

Ongeza konzi mbili za mawe ya matumbawe yaliyopondwa. Chokaa yake hupunguza uasidi, na rozimari haipendi uasidi. Kama udongo umeutoa chini ya mikorosho, hatua hii usiiruke: salfa tunayopuliza kila mwaka kuzuia ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, inauongezea udongo uasidi. Na maganda ya korosho usiyafanye matandazo. Mafuta yake yanababua ngozi, na hiki ni kiungo utakachokishika kila siku.

Rozimari nayo ina ubwiri unga wa aina yake, hasa ikibanwa mahali pasipo na upepo. Ukiona unga mweupe kwenye majani, punguza matawi ya ndani na uihamishie juani. Jirani akipuliza salfa, osha majani kabla ya kupika.

Hatua ya 4: Kumwagilia

Usifuate ratiba. Zamisha kidole pingili mbili: pakiwa pakavu, mwagilia mpaka maji yatokee matunduni, pakiwa na unyevu, iache. Wengi wanakosea kwa sababu dalili ya kiu na dalili ya kuzidiwa maji zinafanana: ncha zinageuka kahawia, majani yanapukutika. Mtu anaona mmea unakauka, anaongeza ndoo nyingine. Uliza udongo kwanza.

Hatua ya 5: Kuvuna na kukausha

Vuna asubuhi umande ukishakauka. Kata sehemu yenye majani tu, isizidi theluthi ya kichaka. Ukikata kwenye mti mtupu, ni nadra kuchipua tena. Ning'iniza vifungu kivulini, kwa kuwa jua hupoteza mafuta yenye harufu. Masika haikauki, inaota ukungu, kwa hiyo kausha kati ya Juni na Oktoba.

Matumizi

Samaki wa kuchoma ndiye anayeitendea haki: changu, chumvi, ndimu, kitunguu saumu, na vijitawi viwili tumboni. Vijiti vilivyokomaa vichonge, viloweke nusu saa, vitumie kwa mishikaki. Kwenye mchuzi wa nazi mimi siitii, zinagombana.

Chai: kijiko kimoja cha majani makavu kwa kikombe, dakika tano, zaidi ya hapo inakuwa chungu. Wajawazito waishie kwenye kiasi cha kuungia chakula.

Mafuta ya nywele ndiyo yanayoulizwa sana. Utafiti wa Iran uliochapishwa 2015 ulilinganisha mafuta ya rozimari na minoksidili ya asilimia 2, dawa ya kuotesha nywele. Nywele ziliongezeka kwa pande zote mbili baada ya miezi sita, na miezi mitatu ya kwanza haikuonyesha kitu. Lakini yale yalikuwa mafuta ya kukenekwa. Haya ya nyumbani ni hafifu zaidi, usimwahidi mteja nywele mpya. Jaza chupa nusu kwa majani makavu (mabichi yana maji, mafuta yatachacha), mimina mafuta ya nazi, weka chupa kwenye sufuria ya maji ya moto mdogo saa mbili, kisha chuja. Ukiyapeleka Newala mwezi wa Saba yakaganda meupe, hayajaharibika. Mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi 24 hivi. Yaanike juani kidogo yatayeyuka.