Kujenga kiini kidogo cha mfumo endeshi: kuanzia sekta ya kwanza hadi programu mbili zinazopokezana prosesa

Wengi wetu huanza kujifunza mifumo endeshi kwa kusoma kuhusu michakato, kumbukumbu na mafaili, kisha tunabaki na majina tusiyoweza kuyahusisha na jambo lolote linalotokea ndani ya mashine. Njia ninayoiamini ni kujenga kiini chako mwenyewe, yaani ile sehemu ya ndani kabisa ya mfumo endeshi inayotawala prosesa na kumbukumbu, hata kiwe kidogo namna gani, kwa sababu kila sehemu ya mfumo endeshi ni jibu la tatizo fulani, na jibu halikai akilini kama tatizo lenyewe halijawahi kukukwamisha. Lengo la mwongozo huu ni moja: programu mbili ambazo hakuna hata moja inayokubali kusimama kwa hiari yake zipokezane prosesa moja ya x86, yaani familia ya prosesa za Intel na zinazolingana nazo.

Unahitaji kuijua lugha ya C kiasi cha kutumia vielekezi bila woga, pamoja na asembli kidogo. Zana ni tatu: NASM, inayogeuza asembli kuwa msimbo wa mashine; QEMU, inayoigiza kompyuta nzima ndani ya dirisha; na GCC, kompaila ya C, iliyoandaliwa kwa ajili ya i686-elf, yaani x86 ya biti 32 isiyo na mfumo endeshi. Usitumie GCC ya kawaida iliyomo kwenye kompyuta yako, kwa kuwa hiyo hudhani kwamba chini ya programu yako kuna mfumo endeshi, ilhali hapa mfumo huo ndio unaoujenga.

Hatua ya kwanza: sekta ya kuwashia

Kompyuta yenye BIOS, yaani programu ya kuanzishia iliyohifadhiwa kwenye chipu ya kompyuta yenyewe, inapowashwa husoma sekta ya kwanza ya diski, baiti 512 tu, huiweka kwenye anwani 0x7C00, kisha huirukia, mradi baiti mbili za mwisho ziwe 0x55 na 0xAA. Andika yafuatayo kwenye faili la anza.asm:

```
bits 16
org 0x7c00
    cld
    xor ax, ax
    mov ds, ax
    mov si, ujumbe
rudia:
    lodsb
    test al, al
    jz simama
    mov ah, 0x0e
    mov bx, 0
    int 0x10
    jmp rudia
simama:
    hlt
    jmp simama
ujumbe: db "Nimeamka", 0
times 510-($-$$) db 0
dw 0xaa55
```

Igeuze na uiendeshe hivi:

```
nasm -f bin anza.asm -o anza.bin
qemu-system-i386 -drive format=raw,file=anza.bin
```

Neno «Nimeamka» likitokea kwenye skrini, tulia kidogo ulitafakari: hakuna programu nyingine iliyokutangulia isipokuwa BIOS yenyewe. Kisha futa mstari wa mwisho, endesha tena, na uone jinsi BIOS inavyokataa kuitambua diski hiyo. Ninamsihi kila anayefuata mwongozo huu avunje kitu kimoja kwa makusudi katika kila hatua, maana ukishaujua uso wa kosa ulilolifanya wewe mwenyewe, utalitambua siku litakapokujia bila kuitwa.

Hatua ya pili: kuingia kwenye C

Ungeweza kuendelea na sekta yako, uipakie sehemu iliyobaki ya diski na kuitoa prosesa kwenye hali ya biti 16. Ni kazi nzuri, lakini inakula wiki nyingi na inafundisha zaidi historia ya kompyuta kuliko mifumo endeshi. Ninashauri uiruke kwa kutumia kanuni ya Multiboot, makubaliano ya jinsi kiini kinavyopakiwa na kuanzishwa: ndani ya baiti 8192 za mwanzo za faili la kiini, weka namba tatu zinazofuatana, yaani 0x1BADB002, kisha 0, kisha namba inayofanya jumla ya zote tatu katika biti 32 iwe sifuri. QEMU italipokea faili hilo moja kwa moja kupitia chaguo la `-kernel`, na itakukabidhi prosesa ikiwa tayari katika hali ya biti 32, vikatizo, yaani ishara zinazoifanya prosesa iache inachofanya na kurukia msimbo mwingine, vikiwa vimezimwa.

Haitakukabidhi staki, yaani eneo la kumbukumbu ambamo funksheni huweka anwani za kurudia na data zao za muda. Kwa hiyo, kabla ya kuita funksheni yoyote ya C, tenga baiti 16384 za kumbukumbu na uielekeze rejista ya esp, inayoonyesha staki ilipofikia, mwisho wa eneo hilo, kwani staki ya x86 hukua kuelekea chini. Andaa pia jedwali lako la sehemu za kumbukumbu, GDT, lenye ingizo tupu, ingizo la msimbo na ingizo la data. Lile la msimbo litatambulika kwa namba 0x08 na lile la data kwa 0x10.

Hatua ya tatu: skrini

Hapa kazi ni ndogo. Kumbukumbu ya skrini ya maandishi huanzia anwani 0xB8000, ina safu 80 na mistari 25, na kila herufi huchukua baiti mbili, ya kwanza ikiwa herufi na ya pili rangi. Kielekezi chako kitangaze kuwa `volatile`, la sivyo kompaila inaweza kuona kwamba hakuna anayesoma ulichoandika na ikakifuta.

Hatua ya nne: vikatizo

Hiki ndicho kitovu cha kazi yote. Bila vikatizo, kiini ni programu ya kawaida inayoendesha mambo yake hadi yaishe. Kikatizo ndicho kinachokiwezesha kuinyang'anya prosesa programu nyingine bila kuiomba ruhusa.

Tengeneza jedwali la vikatizo, IDT, lenye maingizo 256 ya baiti nane nane, kila moja likibeba anwani ya msimbo wa kushughulikia kikatizo husika. Namba 0 hadi 31 ni za hitilafu za prosesa yenyewe, kama vile kugawanya kwa sifuri. Angalia jambo moja kwa makini: baadhi ya hitilafu hizo, kwa mfano namba 8, 13 na 14, husukuma kwenye staki namba ya ziada inayoeleza kosa, na nyingine hazisukumi. Kwa zile zisizosukuma, sukuma sifuri wewe mwenyewe, ili msimbo wa pamoja unaofuata ukute staki yenye umbo moja daima, na kumbuka kuiondoa namba hiyo kabla ya kurudi kwa amri ya `iret`.

Kisha inakuja kero ya kihistoria. Intel ilikuwa imezihifadhi namba 32 za mwanzo kwa ajili ya prosesa, lakini kompyuta ya IBM ya mwaka 1981 ilivielekeza vikatizo vya vifaa kwenye namba 8 hadi 15, na mpangilio huo umeendelea kurithiwa. Matokeo yake ni kwamba usipoiagiza upya chipu inayosimamia vikatizo, yaani PIC, mlio wa kwanza wa saa utaonekana kwa kiini chako kama hitilafu maradufu, ile ya namba 8, ambayo hutokea prosesa inaposhindwa kuanza kushughulikia hitilafu nyingine. Zihamishie namba za vifaa kwenye 32 hadi 47 kabla ya kuruhusu vikatizo kwa amri ya `sti`.

Kiini changu cha kwanza kilikwama papa hapa kwa siku mbili. Kibodi ilifanya kazi mara moja tu: nilibonyeza herufi ya kwanza ikatokea, nikabonyeza ya pili, kimya. Nilipekua jedwali langu lote nikitafuta kosa ambalo halikuwamo humo. Kumbe PIC hungoja iambiwe kwamba kikatizo kimeshughulikiwa, kwa kuandikiwa 0x20 kwenye poti (namba ambayo prosesa hutumia kuwasiliana na kifaa) 0x20, na kabla ya hapo haitumi kikatizo kingine cha aina hiyo wala cha daraja la chini yake. Kibodi nayo hudai baiti yake isomwe kutoka poti 0x60.

Hitilafu ikitokea wakati prosesa inashughulikia hitilafu maradufu, mashine hujiwasha upya, na dirisha la QEMU litakuwa likimulika tu bila maelezo. Ongeza `-d int -no-reboot` kwenye amri yako, nawe utaona kila kikatizo kikiandikwa pamoja na thamani za rejista.

Hatua ya tano: saa na kupokezana

Chipu ya saa hupiga mara 1,193,182 kwa sekunde. Andika 0x36 kwenye poti 0x43, kisha utume kigawanyo 11932 kwenye poti 0x40, baiti ya chini kwanza halafu ya juu, nawe utapata vikatizo takribani 100 kila sekunde.

Sasa andika funksheni mbili, moja ikichapa A bila kikomo, nyingine ikichapa B bila kikomo. Kila moja ipe staki yake ya baiti 4096. Kikatizo cha saa kinapoingia, prosesa yenyewe husukuma kwenye staki rejista ya bendera (biti za hali ya prosesa), cs (namba ya sehemu ya msimbo), na anwani ambayo programu ilikuwa imefikia. Wewe unaongeza rejista nane za kawaida kwa `pusha`, unaiarifu PIC, unaitunza esp ya programu inayoondoka, unapakia esp ya programu inayoingia, kisha unamaliza kwa `popa` na `iret`. Kubadilisha programu ni kubadilisha staki, na kila kingine kinafuata chenyewe.

Swali linalobaki ni programu ambayo haijawahi kuendeshwa, na kwa hiyo haina chochote kwenye staki yake cha kurejeshwa. Jibu ni kuighushi: jaza staki hiyo kana kwamba programu ilikatizwa kabla ya amri yake ya kwanza. Ukihesabu kutoka juu kwenda chini, weka 0x202 kwa ajili ya bendera, 0x08 kwa cs, anwani ya funksheni, kisha sifuri nane. Nilipouelewa ujanja huu ndipo nilipoona kwamba kwa prosesa hakuna tofauti kati ya kuanzisha programu na kuiendeleza.

Kila kitu kikiwa sawa, skrini itajaa mafungu ya A na mafungu ya B yakipishana. Ukiona A chache kisha B zisizokoma, basi saa imenyamaza baada ya mpokezano wa kwanza, na sababu kubwa ni mbili. Ama uliandika 0x002 badala ya 0x202, ukaizima biti inayoruhusu vikatizo, ama uliingia kwenye programu mpya kwa `iret` kabla ya kuiarifu PIC, nayo bado inangoja. Ili kuzitenganisha, fungua sehemu ya amri za QEMU na uandike `info registers`: thamani ya EFL ikiwa haina 0x200, kosa liko kwenye staki uliyoighushi. Kama inayo, andika `info pic`, na ukikuta isr si sifuri kila unapotazama, tafuta mahali ulipoiweka amri ya kuandika 0x20.